Umaarufu wa Miodrag Belodedici Romania na Serbia

Miodrag Belodedici, beki mstaafu wa Romania, alizaliwa mwaka 1964 katika familia ya Waserbia kijijini Socol, karibu na mpaka wa Yugoslavia ya wakati huo. Umaarufu wake huelezwa kwa makombe: ndiye wa kwanza kucheza na kushinda fainali za Kombe la Klabu Bingwa Ulaya akiwa na timu mbili tofauti. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi. Kilichomtofautisha zaidi ni mpaka aliouvuka kati ya kombe la kwanza na la pili.

La kwanza lilipatikana Sevilla mwaka 1986. Steaua Bucharest, timu ya jeshi, ilitoka sare tasa na Barcelona, ikashinda kwa penalti 2-0. Usiku ule ulikuwa wa kipa Helmuth Duckadam, aliyeokoa mikwaju minne mfululizo, na hakuna wa kumnyang'anya sifa hiyo. Lakini penalti zisingefikiwa bila ngome iliyohimili dakika 120, na Belodedici ndiye aliyekuwa beki wake wa mwisho. Hakutegemea mabavu. Aliusoma mchezo mapema, akachukua mpira bila rafu na kuanzisha mashambulizi kwa utulivu; kwa wepesi huo akabandikwa jina la Paa.

Mwishoni mwa 1988 alivuka kwenda Yugoslavia na kujiunga na Red Star ya Belgrade, timu aliyoipenda tangu utotoni. Serikali ya Romania chini ya Nicolae Ceaușescu ilimhukumu kifungo kwa uhaini bila yeye kuwepo mahakamani, na kwa muda akazuiwa kucheza mashindano ya Ulaya. Hukumu hiyo ilikusudiwa kumfuta. Matokeo yakawa kinyume. Miaka hiyo maelfu ya Waromania walihatarisha maisha kuvuka Mto Danube ili kuikimbia nchi, hivyo utawala ulipoanguka Desemba 1989, kosa lake lilikuwa jambo ambalo raia wengi walilielewa vizuri kuliko mahakimu.

Mwaka 1991, mjini Bari, Red Star iliishinda Marseille kwa penalti 5-3, na moja aliifunga yeye. Hadi leo Steaua na Red Star ndizo klabu pekee za Ulaya Mashariki zilizowahi kutwaa kombe hilo. Kwa Belgrade, basi, hadhi yake haihitaji maelezo marefu.

Kwa Bucharest suala lilikuwa gumu zaidi. Alirudishwa timu ya taifa mwaka 1992, na katika robo fainali ya Kombe la Dunia 1994 kipa wa Sweden, Thomas Ravelli, aliuokoa mkwaju wake wa penalti, Romania ikatolewa. Lawama zingeweza kumwangukia peke yake, lakini Dan Petrescu naye alikuwa amekosa, na kikosi hicho kilikuwa kimefika mbali kuliko kingine chochote cha Romania. Mwaka 1998 alirejea Steaua, klabu ileile aliyoikimbia, akastaafu mwaka 2001 baada ya kuchukua nayo ubingwa wa ligi.