Peenemünde: Ushahidi wa Wadogo na Shaka za Wakubwa



Kaskazini mwa Ujerumani, pale mto Peene unapoingia katika Bahari ya Baltiki, kuna kisiwa kiitwacho Usedom. Kwenye ncha yake palikuwa na kijiji kidogo cha wavuvi, Peenemünde. Kuanzia mwaka 1936 serikali ya Hitler ilipatwaa mahali hapo, ikajenga viwanda, maabara, kiwanja cha ndege na majukwaa ya majaribio katikati ya misitu ya misonobari. Tarehe 3 Oktoba 1942 roketi iliyoitwa A-4, yenye urefu wa mita 14 na uzito wa tani zaidi ya 12, ilipaa kutoka hapo na kuanguka baharini umbali wa kilometa 190 hivi. Ndiyo silaha ambayo ulimwengu uliijua baadaye kwa jina la V-2.

London iko karibu kilometa 1,000 kutoka kisiwa hicho. Waingereza walijuaje kilichokuwa kikitendeka huko? Jibu la haraka ni kwamba walikuwa na wapelelezi. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa kuwa waliokuwa na habari walikuwa wengi, na waliowaamini walikuwa wachache.

Habari ya kwanza ilifika mapema mno. Mnamo Novemba 1939, vita ikiwa na miezi miwili tu, ubalozi wa Uingereza mjini Oslo ulipokea barua na bahasha isiyo na jina la mwandishi. Ndani yake mliandikwa mambo mengi ya ufundi wa kijeshi wa Ujerumani: rada, ndege, roketi, na jina la Peenemünde kama mahali pa majaribio. Wakubwa wengi wa London waliona ni mtego. Mtu mmoja, walisema, hawezi kujua mambo ya namna nyingi hivyo. Bahasha ikawekwa kando. Aliyekataa kuitupa alikuwa mwanafizikia kijana, Reginald Victor Jones, aliyefanya kazi katika idara ya habari za siri. Yeye alifuata njia rahisi: kila jambo katika bahasha ile lililowezekana kupimwa, alilipima, na kila mara lilipodhihirika kuwa kweli, alizidi kuyaamini yale yaliyosalia.

Mwandishi wa barua hiyo alikuwa Hans Ferdinand Mayer, mwanasayansi wa kampuni ya Siemens. Mwaka 1943 alikamatwa kwa kosa la kusikiliza redio ya Waingereza, akafungwa katika kambi za mateso, hata Dachau. Watesi wake hawakujua kamwe kwamba mikononi mwao walikuwa na mtu wa Oslo. Alikufa mwaka 1980, na jina lake likatangazwa hadharani mwaka 1989 tu.

Baada ya hapo ukaja ukimya mrefu. Tarehe 15 Mei 1942 rubani mmoja wa ndege ya Spitfire, akiwa njiani kupiga picha mahali pengine, aliona kiwanja kipya cha ndege chini yake, akafungua kamera. Wasomaji wa picha waliona mizunguko mikubwa ya udongo msituni. Hakuna aliyewaambia watafute nini, wala wao hawakuuliza. Picha zikawekwa kabatini. Nadhani hapa pana jambo la kuangaliwa sana: picha ilikuwapo, macho yalikuwapo, ila swali halikuwapo.

Swali lililetwa na masikio. Mwezi wa Desemba 1942 mkemia mmoja kutoka Denmark alituma habari kwamba huko Berlin amesikia mazungumzo juu ya roketi kubwa ya masafa marefu. Kisha, tarehe 22 Machi 1943, majenerali wawili wa Kijerumani waliotekwa Afrika ya Kaskazini, Crüwell na von Thoma, waliketi pamoja katika jumba la Trent Park karibu na London. Walitunzwa kwa heshima, wakapewa chakula kizuri na bustani ya kutembea. Hawakujua kwamba vinasa sauti vilifichwa ndani ya kuta. Von Thoma alimweleza mwenzake kwamba aliwahi kuonyeshwa majaribio ya roketi, na kwamba alishangaa kukaa karibu na London bila kusikia mshindo wowote. Labda kazi imechelewa. Jenerali aliyekataa kutoa habari alipoulizwa alizitoa zote alipodhani haulizwi.

Ndipo serikali ilipoamka. Mwezi wa Aprili Duncan Sandys, mkwe wa Waziri Mkuu Churchill, alipewa kazi ya kuchunguza. Ndege zikatumwa tena na tena. Wakati huohuo zilianza kufika barua za watu wasio na cheo chochote. Katika Luxembourg, nchi iliyonyakuliwa na Wajerumani, vijana walikamatwa na kupelekwa kazi za shuruti, na baadhi yao walipelekwa Peenemünde. Mmoja wao, mwanafunzi aitwaye Léon-Henri Roth, alipata njia ya kumwandikia baba yake juu ya chombo kikubwa kinachoruka kwa kishindo. Wengine walichora ramani ndogo za kambi. Karatasi hizo zilipita mkono kwa mkono hata zikafika London. Aliyekamatwa nayo angeuawa.

Jones alipoichunguza picha ya tarehe 12 Juni 1943, aliona juu ya gari la reli kitu cheupe, chembamba, chenye mkia. Alikipima: mita 10 na zaidi kwa urefu. Picha ya tarehe 23 Juni ilikuwa safi zaidi, ikaonyesha roketi mbili zimelala.

Hata hivyo, wapo waliokataa. Tarehe 29 Juni 1943 Churchill aliwakusanya mawaziri na majemadari wake. Lord Cherwell, mshauri wake mkuu wa sayansi, alisema roketi hizo ni vinyago vya mbao vilivyopakwa rangi nyeupe ili vionekane vizuri. Hoja yake ilikuwa ya mtu mwenye elimu. Waingereza walijua roketi za baruti kavu. Kwa hesabu zao, roketi ya ukubwa ule ingehitaji baruti nzito mno na ganda la chuma zito zaidi, isingeweza kupaa. Hesabu ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba adui anatumia baruti yao. Wajerumani walitumia vimiminiko, alkoholi na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa maji.

Jones alikuwa na umri wa miaka 31, na Cherwell alikuwa mwalimu wake wa Oxford, mtu aliyemfungulia njia ya kazi. Ilimbidi amjibu mwalimu wake mbele ya wakubwa wote. Hakumjibu kwa roketi. Alimjibu kwa petroli. Karani mmoja wa wizara ya ndege ya Ujerumani alikuwa ameandika waraka wa kawaida juu ya mgao wa petroli, akiorodhesha vituo vya majaribio, na waraka huo ulifika mikononi mwa Waingereza. Peenemünde ilitajwa juu kabisa, karibu na Rechlin, kituo kikuu cha majaribio ya ndege. Karani huyo hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Alipanga majina kwa ukubwa wake tu. Basi, alisema Jones, ikiwa Peenemünde ni mahali pa maana hivyo, ni nani angeweka vinyago huko ili kuita mabomu yaanguke juu ya mali yake mwenyewe? Mimi huuona ushahidi wa karani yule kuwa mzito kuliko wa majenerali. Jenerali hujisifu, mfungwa huogopa, mpinzani hutamani. Karani wa petroli hakuwa na sababu yoyote ya kugeuza ukweli.

Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Agosti 1943, chini ya mwezi mkubwa, ndege 596 za Uingereza ziliishambulia Peenemünde. Ndege 40 hazikurudi. Walengwa wa kwanza walikuwa wanasayansi wenyewe katika nyumba zao. Mmoja wa wakubwa wao, Walter Thiel, aliyekuwa fundi wa injini, aliuawa pamoja na jamaa yake. Lakini taa za kwanza za kuonyesha shabaha ziliangushwa kusini mno, juu ya Trassenheide. Hiyo ndiyo kambi ya wafanyakazi wa shuruti, watu wa Poland, wa Urusi, wa Luxembourg na wengineo. Kambi ilizungukwa na seng'enge, milango imefungwa. Katika watu zaidi ya 700 waliokufa usiku ule, 500 na zaidi walikufa humo.

Ndugu vijana, tusipite hapa upesi. Katika kambi ileile walilala watu waliohatarisha maisha yao ili London ijue. Jones mwenyewe, katika kumbukumbu zake za uzeeni, alilitaja jambo hili kwa uchungu. Wengi hukadiria kwamba shambulio liliichelewesha roketi kwa muda wa miezi miwili hivi. Je, miezi miwili ilistahili bei hiyo? Wapo wanaosema ndiyo, wakihesabu makombora ambayo hayakurushwa. Mimi nasema kwamba walioifanya hesabu hiyo hawakuwa ndani ya seng'enge.

Tena kazi yenyewe haikukoma, ila ilihama. Utengenezaji ulipelekwa chini ya mlima karibu na Nordhausen, katika kambi iliyoitwa Dora, ambako wafungwa walichimba na kulala ndani ya mahandaki bila kuona jua. Katika wafungwa 60,000 hivi waliopita huko, wapata 20,000 walikufa. Roketi hii iliwaua wengi zaidi katika kutengenezwa kuliko katika kuanguka. Habari za viwanda vya silaha ziliendelea kutoka hata hivyo. Huko Vienna, Padri Heinrich Maier wa parokia ya Gersthof na wenzake waliwapelekea Washirika habari hizo, zikiwamo za roketi. Alikatwa kichwa tarehe 22 Machi 1945, majuma machache tu kabla ya mji huo kukombolewa.

Majaribio nayo yalihamishiwa Blizna, katika Poland iliyotekwa. Huko wapelelezi hawakuwa wageni. Walikuwa wenyeji wa vijiji. Kila roketi ilipoanguka, watu wa jeshi la siri la Poland walishindana mbio na doria za Wajerumani ili kuokota vipande. Tarehe 20 Mei 1944 moja iliangukia kando ya mto Bug, karibu na Sarnaki, bila kulipuka. Waliificha, wakaifungua, na usiku wa tarehe 25 Julai ndege ya Dakota ilitua shambani kuchukua sehemu zake. Magurudumu yalizama matopeni. Wakulima walichimba kwa mikono na kutandaza mbao mpaka ndege ikaruka.

Picha za Blizna zilisaidia kufumbua fumbo lingine. Kwa mwaka mzima wataalamu walikuwa wakitafuta mtambo mkubwa wa kurushia, kitu kama mzinga wa ajabu. Hapakuwa na mtambo. Roketi ilisimama wima juu ya uwanja mdogo wa saruji, ikaondoka. Ndipo walipozirudia picha za zamani za Peenemünde na kuitambua nguzo moja ndefu waliyokuwa wameiandika katika taarifa zao kama nguzo. Ilikuwa roketi imesimama.

Kuanzia Septemba 1944 makombora yalianguka Uingereza, yakaua watu zaidi ya 2,700, na mengi zaidi yakaanguka Antwerp, bandari ya Ubelgiji ambayo meli za Matadi zilikuwa zikitia nanga. Tarehe 16 Desemba 1944 moja liliangukia sinema ya Rex. Watu 567 walikufa.

Miongoni mwa wahandisi wa majaribio ya Peenemünde alikuwamo Kurt Debus. Baada ya vita alikwenda Marekani, akawa mkuu wa kituo cha Kennedy ambako watu waliondoka kwenda mwezini. Kisha jina lake likatokea hapa kwetu. Katika miaka ya 1970 serikali ya Zaïre iliipa kampuni ya Kijerumani OTRAG eneo la kilometa za mraba 100,000 hivi kaskazini mwa Shaba, kwenye nyanda za juu za mto Luvua, ili ijaribu roketi za bei nafuu. Debus aliongoza baraza lake. Roketi zilirushwa tarehe 17 Mei 1977, tarehe 20 Mei 1978, na tarehe 5 Juni 1978, hii ya mwisho ikishindwa mbele ya macho ya Mobutu. Wasovieti na wengine walipaza sauti kwamba ni silaha za siri. Kampuni ikajibu kwamba ni biashara. Mwezi wa Aprili 1979 Mobutu aliisimamisha kazi, na kampuni ikahamia Libya.

Juu ya jambo hilo yameandikwa mengi huko Ulaya, karibu yote na watu ambao hawakufika Luvua. Wazee waliokuwa vijana wakati ule wapo. Kikundi cha vijana kilicho karibu nao kingeweza kuketi na kila mmoja peke yake, kikaandika alichokiona kwa macho na alichosikia kwa wengine katika kurasa mbili tofauti, na baada ya hapo tu kikalinganisha.