Mpira wa Upepo

Zamani magurudumu yalivikwa chuma au mpira mgumu, na msafiri alitikiswa hata mifupa ikamwuma. Katika mwaka wa 1888, mjini Belfast, John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama, alifunga mipira iliyojazwa upepo katika baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Nayo ikaenda kwa ulaini. Mwaka wa 1895 ndugu wawili wa ukoo wa Michelin wakaitia mipira hiyo katika motokaa. Basi dunia ikaona kiu ya mpira. Huko Kongo, hata 1908 Mfalme Leopold wa Pili alipoondolewa, watu walilazimishwa kugema utomvu msituni; walioshindwa walipigwa, wakakatwa mikono, wakauawa. Achaguaye leo tairi laini na akumbuke: starehe ya wasafiri wale ilikuwa msiba wa wagemaji.