Nani Aliyechora Ramani ya Ndani ya Majengo?

Mtu akiwa kwenye barabara ya Kisumu kuelekea Webuye, inayopita mjini Kakamega, simu humwonyesha alipo bila taabu. Akiingia maktaba ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mambo hubadilika. Mawimbi ya GPS hutoka kwenye setilaiti zilizo takriban kilomita 20,200 juu ya dunia. Yakifika hapa chini yamekuwa hafifu, na zege huyamaliza. Hata hivyo doa la buluu kwenye ramani ya simu halizimiki. Huyumbayumba, kisha hutulia karibu na alipo mwenye simu.

Kinacholiongoza ni ruta za Wi-Fi. Kila ruta hutangaza jina lake na namba yake ya utambulisho takriban mara 10 kwa sekunde, na simu huisikia hata kama haina nywila yake. Ruta ya duka la dawa ikisikika kwa nguvu, ya benki jirani kwa mbali, na ya saiba ya ghorofani kwa shida, mchanganyiko huo huitambulisha sehemu hiyo kama alama ya kidole inavyomtambulisha mtu. Anayejua ruta zilipo atajua pia simu ilipo.

Mwaka 2000, Paramvir Bahl na Venkata Padmanabhan, watafiti wa Microsoft nchini Marekani, waliijaribu mbinu hiyo katika ghorofa moja ya ofisi. Vipimo vya nguvu ya mawimbi vilichukuliwa katika sehemu 70, na mfumo wao, RADAR, ukaweza kukadiria alipo mtu kwa kukosea mita 2 hadi 3 kwa kawaida. Lakini ilikuwa kazi ya miguu, na ruta ikihamishwa vipimo hurudiwa.

Kampuni ya Skyhook, iliyoanzishwa Boston mwaka 2003, ilituma madereva kuzunguka mijini wakinasa ruta njiani. Mwaka 2008 iPhone ikaanza kuitumia orodha yao. Magari, hata hivyo, hayapandi ngazi wala hayaingii wodini. Simu huingia.

Hapo ndipo historia hii ilipogeuka. Aprili 2011, watafiti Alasdair Allan na Pete Warden walifichua kwamba iPhone ilikuwa ikihifadhi faili ndefu ya mahali na nyakati. Apple ilijibu kwamba ilikuwa ikijenga ghala la data za ruta na minara ya simu kwa kutumia simu za wateja wake. Mamilioni ya watu walikuwa wakiichora ramani mifukoni mwao, na wengi hawakuwa na habari. Mwaka 2013 Apple ikainunua WiFiSLAM, kampuni changa iliyounganisha mawimbi ya Wi-Fi na hatua za mtembeaji ili ramani ya ndani ijichore yenyewe.

Kenya ilikuwa imeshaonyesha njia nyingine, yenye heshima zaidi. Januari 2008, tovuti ya Ushahidi ilikusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi kutoka kwa wananchi waliozituma kwa hiari. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walitembea na vifaa vya GPS wakiandika vichochoro, zahanati na vyoo vya mtaa wao kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaweza kuitumia. Waliochangia walijua wanachangia nini.

Kwa upande wa Wi-Fi, jaribio moja kubwa la aina hiyo lilikuwa la shirika la Mozilla, lililoanza 2013 likiwaalika watu kuchangia vipimo kwa hiari. Lilifungwa 2024. Ni hasara kubwa, maana maghala makubwa ya ruta sasa yako mikononi mwa kampuni chache.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja data ya mahali miongoni mwa vitambulisho vya mtu, na inampa mwananchi haki ya kuarifiwa data yake inavyotumiwa. Asiyetaka ruta yake iingizwe kwenye ghala la Google anaweza kumalizia jina la ruta hiyo kwa “_nomap”, utaratibu uliotangazwa Novemba 2011.

Lakini kujitoa pekee hakumsaidii mgonjwa anayetafuta maabara katika hospitali ya rufaa ya kaunti. Kaunti ya Kakamega na wanafunzi wa Masinde Muliro waichore ramani ya ndani ya hospitali hiyo, ghorofa kwa ghorofa, kwa idhini ya wahusika, na waiache wazi kwa umma.