Dhoruba Isiyo na Upepo

Nahodha wa Kigamboni atokaye na chombo chake mlangoni mwa bandari baada ya kuchwa kwa jua huitegemea dira yake, walakini hawezi kuona kwa jicho kuwa nguvu iushikayo mshale ule, siku nyingine, hupungua kwa saa kadhaa, kisha ikarejea polepole; na asili ya upungufu huo iko juu mno, upande wa dunia uliolipa jua kisogo, ambako uga wa sumaku umevutwa ukawa mkia mrefu kupita masafa ya mwezi. Nguvu zikizidi mkiani, nyuzi za sumaku hukatika na kuungana upya, na chembe zenye umeme husukumwa kuja kwetu, zikaizunguka dunia juu ya Ikweta, mkondo uipunguzao nguvu ile: hiyo ndiyo dhoruba ya sumaku.

Zama za Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19, Dk. Hans Maurer alipima sumaku ya ardhi mjini Dar es Salaam, ng'ambo tu ya Kigamboni. Lakini vipimo vya ardhini peke yake huonyesha athari, si chanzo. Chanzo kilifuatwa kutoka pwani hii hii. Katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, Waitalia wa Profesa Luigi Broglio walisimamisha baharini majukwaa ya chuma yaitwayo San Marco, na tarehe 15 Novemba 1971 roketi ya Wamarekani ikaondoka hapo na Explorer 45, setilaiti ya kilo 50 hivi, iliyokusudiwa hasa kuchunguza dhoruba za sumaku. Maadamu ilirushwa nyuzi 3 tu kutoka Ikweta, iliweza kuambaa juu ya Ikweta, ikipanda hadi kilomita 27,000 hivi, ndani ya mkondo wenyewe wa chembe. Hunisikitisha kwamba historia za pwani yetu, zilizojaa pembe na karafuu, aghlabu hulipita jambo hili.

Tarehe 17 Desemba dhoruba ikaja, na setilaiti, ikiwa upande wa jioni, ikaupima uga ukivimba kwa chembe hizo. Agosti 1972 ikaja kubwa zaidi: mpaka wa uga, upande wa mchana, ulirudishwa hadi kwenye njia ya Explorer 45, na siku hizo hizo mabomu ya Wamarekani yaliyotegwa baharini Vietnam Kaskazini yakalipuka yenyewe.

Setilaiti ilizimwa mwaka 1974. Baadaye Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, kiliweka kipimasumaku Dar es Salaam, katika safu moja na Addis Ababa, Nairobi na Maputo. Na usiku, mkia ukatikapo, vyombo vya namna hiyo hunasa mitetemo myembamba, kila mmoja wa sekunde 40 hadi 150.