Yowe la Usukuma na sauti iliyomo ndani ya jalada

Katika Usukuma wa zamani, mwito wa dharura haukuwa siri. Aliyeibiwa ng'ombe usiku au aliyeunguliwa nyumba alipiga yowe, na kila aliyelisikia alilipokea na kulipeleka mbele, mpaka vijiji kadhaa vikawa vimesimama. Uwazi ndio uliokuwa nguvu ya yowe. Sungusungu walipoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Kahama, kisha wakaenea Usukuma nzima, waliigeuza desturi hiyo kuwa kanuni: asiyeitikia yowe alitozwa faini. Mwaka 1989 Bunge liliwaingiza katika sheria za mgambo, na hivyo yowe, kwa namna fulani, likapata kibali cha dola.

Lakini kulikuwa na mwito wa pili, ule wa kunong'ona, na historia yake ni chungu zaidi. Januari 1977, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu baada ya kubainika kwamba watu waliokamatwa Mwanza na Shinyanga, katika msako wa mauaji yaliyohusishwa na uchawi, waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola na baadhi yao wakafa. Tukumbuke kwamba Bariadi, Maswa na Meatu wakati huo zilikuwa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012. Mwananchi wa huku alijifunza mapema kwamba kupeleka neno serikalini kunaweza kumponza yeye, jirani yake, au wote wawili.

Serikali yenyewe ilielewa hofu hiyo. Mwaka 2009, wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, wananchi wa Kanda ya Ziwa waliitwa kupiga kura ya siri na kuandika majina ya waliowashuku. Sina budi kusema kwamba zoezi lile lilinitia mashaka tangu siku ya kwanza, kwa kuwa karatasi isiyo na jina la mwandishi humlinda mtoa habari wa kweli sawasawa na msingiziaji. Hata hivyo lilikiri jambo ambalo yowe halikuwahi kulikiri: yupo mwenye kuomba msaada ambaye hawezi kusema mbele ya kijiji.

Leo mwito huo unapita kwenye simu. Namba 112 huita polisi, 114 zimamoto, na 116 ni ya mtoto anayedhulumiwa. Katika wilaya kama Itilima na Meatu, namba inayogusa maisha zaidi pengine ni 115, ya mpango wa m-mama uliozinduliwa kitaifa Dodoma Aprili 2022 baada ya kuanza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga. Mjamzito au mtoto mchanga akizidiwa, mpokeaji simu huuliza hali yake, huiingiza katika mfumo, kisha hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii anayelipwa kwa kazi hiyo. Yowe sasa lina saa, lina jina, lina ugonjwa, na pale sauti inaporekodiwa lina hata kilio chenyewe.

Ni mali ya nani? Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 haibagui karatasi na sauti: habari iliyorekodiwa katika ofisi ya umma ni kumbukumbu ya umma, na kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba mapema zaidi, ila inaruhusu kunyimwa pale ambapo faragha ya mtu itavunjwa isivyostahili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa zile nyeti. Juu ya zote imo Katiba, inayolinda faragha katika Ibara ya 16 na haki ya kupata habari katika Ibara ya 18.

Hatari ninayoiona si kwamba sheria hizi zinagongana. Ni kwamba mtumishi asiyetaka kuulizwa anaweza kuliokota neno faragha na kujifunika nalo. Chukua mfano wa kufikirika: mama anafia njiani kati ya zahanati na hospitali. Mume anataka kujua simu ilipokelewa saa ngapi na gari likaondoka saa ngapi. Anajibiwa kwamba taarifa za mgonjwa ni siri. Siri ya nani, dhidi ya nani? Aliyekufa hakuomba alindwe asijulikane alichelewa kwa dakika ngapi.

Mahakama ya Rufani ya Jimbo la New York ilikutana na swali hili mwaka 2005, kuhusu simu za 911 zilizopigwa Septemba 11, 2001. Gazeti la New York Times na baadhi ya familia za waliokufa walizidai rekodi hizo. Mahakama iligawa rekodi katikati: maneno ya waliokuwa wakiomba msaada yafichwe, isipokuwa pale familia za waliokufa zilipotaka yatolewe, maneno ya wapokeaji simu, ambao ni watumishi wa umma kazini, yatolewe. Mwaka 2006 rekodi zikatoka hivyo, nusu mazungumzo, nusu kimya. Nasikia ugumu wa kuzisikiliza, lakini naiona hekima ya mgawanyo ule.

Sheria zetu zinaruhusu mgawanyo huohuo bila kusubiri marekebisho yoyote. Saa ya kupokelewa simu, jibu la mpokeaji, saa ya gari kuondoka: hizo ni habari za utendaji wa ofisi. Jina, ugonjwa na kilio ni vya mgonjwa na watu wake. Mume yule wa mfano wetu anaweza kuandika barua kuomba sehemu ya kwanza peke yake, na ofisi ina siku 30 za kumjibu. Kwa wanaharakati wa Bariadi na wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti, barua kama hiyo ndiyo ningependa kuiona, pamoja na jibu lake.