Balagha Iliyopunguzwa
Mtahiniwa akikumbana na swali la balagha katika dondoo, hulitaja, akapata alama yake na kusonga mbele. Ni nadra aulize mwandishi alikusudia kumshawishi nani. Kasoro hii ina historia. Warumi, akiwemo Cicero katika karne ya 1 K.K., waligawa balagha katika kazi tano: kutafuta hoja, kuzipanga, kuzivisha lugha, kuzihifadhi akilini na kuziwasilisha. Katika karne ya 16, Petrus Ramus wa Paris aliziondoa mbili za kwanza akazitia katika mantiki. Balagha ikabaki na mapambo na uwasilishaji, na mgawanyo huo ukaenea katika shule nyingi za Ulaya. Sisi neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu. Hata hivyo, zoea letu la kuorodhesha tamathali bila kuuliza kazi yake linafanana mno na la wafuasi wa Ramus.

Na utangulizi je, ambao mwanafunzi huuhangaikia hadi muda ukamwishia? Aristotle alishikilia kwamba hotuba ina sehemu mbili tu za lazima: kulieleza jambo na kulithibitisha. Kidato cha Tatu huwaanzishia hizo mbili; utangulizi wanauandika mwisho.