Shindano la Kimo Chako

Siku ya michezo ikaribiapo katika shule zetu za Kibwezi, mwalimu hushika daftari na kuuliza nani atakimbia mbio zipi. Hapo huonekana makosa mawili. Mwanafunzi mmoja hujiandikisha katika kila mbio, za mita 100 hata za mita 10,000, akidhani kuwa wingi wa mashindano ndio ushujaa. Mwingine hakubali kushindana ila na wale aliokwisha kuwashinda jana, akidhani kuwa wingi wa ushindi ndio ubora. Wote wawili hujidhulumu nafsi zao. Tukiitazama historia ya wakimbiaji wa nchi yetu, tutaiona njia ipitayo baina ya makosa hayo.

Mwaka 1954 Kenya ilipeleka wanariadha kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Dola ya Uingereza na Jumuiya ya Madola, iliyofanyika Vancouver, Kanada. Walipokuwa njiani walisimama London, na wawili wao wakashindana na Waingereza katika uwanja wa White City. Lazaro Chepkwony aliingia katika mbio za maili sita. Alikwenda kwa kasi, akapunguza, akaongeza tena, na baada ya mizunguko 15 kati ya 24 akatoka uwanjani asimalize. Kisha akaja Nyandika Maiyoro, kijana wa Kisii, katika mbio za maili tatu. Yeye alitangulia mwanzoni, akapitwa na Freddie Green na Chris Chataway, lakini hakukata tamaa. Alimaliza akiwa wa tatu. Huko Vancouver alikuwa wa nne. Katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 alikuwa wa saba katika mita 5,000, na Roma mwaka 1960 akawa wa sita.

Asomaye haraka atasema kuwa Nyandika hakushinda popote. Asomaye kwa makini ataona jambo jingine. Kila mara mtu huyu alisimama kati ya watu waliomzidi kidogo, si waliomzidi sana hata asiwaone migongo yao. Alipitwa, lakini hakuachwa. Katika nafasi hiyo ndimo mtu ajifunzamo.

Na tusidhani kuwa habari hizi ni za watu wa milima ya mbali peke yao. Kibwezi iko chini, yapata mita 900 tu juu ya usawa wa bahari, na vijana wetu husema kuwa mbio ni mali ya Bonde la Ufa. Lakini Ukambani nako kumezaa wakimbiaji. Benson Masya wa Kitui alianza na ndondi. Alipoijua nguvu yake ilipo, aliziacha glavu akashika barabara, na mwaka 1992, huko Newcastle, Uingereza, alishinda mbio za kwanza za ubingwa wa dunia wa nusu marathoni kwa saa 1, dakika 0 na sekunde 24. Kuacha shindano lisilokufaa si woga. Mara nyingine ndiyo hatua ya kwanza ya ushindi.

Patrick Makau Musyoki, aliyezaliwa mwaka 1985 upande wa Tala, atufundisha fadhila ya subira. Hakuikimbilia marathoni yenye kilomita 42 na zaidi. Alikaa kwanza katika nusu yake. Katika ubingwa wa dunia wa mwaka 2007 huko Udine, Italia, alikuwa wa pili, na mwaka 2008 huko Rio de Janeiro alikuwa wa pili tena. Mara zote mbili nyuma ya Zersenay Tadese wa Eritrea. Mwaka 2009 ndipo alipojaribu marathoni yake ya kwanza, huko Rotterdam, akawa wa nne. Mwaka uliofuata alirudi Rotterdam akashinda. Tarehe 25 Septemba 2011, mjini Berlin, alikimbia kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38, akaivunja kwa sekunde 21 rekodi ya dunia ya Haile Gebrselassie. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Nami niandikaye haya nimewahi kukosa. Nilikuwa na mvulana wa kidato cha pili, hodari wa mita 1,500 miongoni mwa rika lake. Nilipomwona akishinda niliingiwa na fahari, nikamtia katika mbio za mita 10,000 pamoja na vijana waliokwisha kukomaa. Alipitwa mara tatu mbele ya watu, na watu wakacheka. Hakurudi uwanjani tena. Siku ile hakushindwa yeye. Nilishindwa mimi niliyepewa kazi ya kumpima nisimpime.

Basi mwanafunzi ajipimeje? Kwanza aijue saa yake, si sifa zake. Kwa maana rafiki husifu, bali saa husema kweli. Pili, awatazame watakaoshindana naye: kama wote amewazidi mbali, hapo hana la kujifunza, kama wote wamemzidi mbali, hapo atajifunza aibu tu. Tatu, aifuate ngazi iliyowekwa, kutoka shule hadi kanda, kutoka kanda hadi kaunti ndogo, kisha kaunti, eneo na taifa. Ngazi hiyo haikuwekwa ili imcheleweshe mwenye kipawa. Kila daraja yake humpa wapinzani wapya waliomzidi kidogo wale wa daraja ya chini.

Shindano likufaalo ni lile usilo na hakika ya kushinda wala hakika ya kushindwa. Na neno hili si la uwanjani peke yake. Utakapochagua masomo, kazi, hata deni la kuchukua, utakuta daftari lile lile limefunguliwa mbele yako, na swali ni lile lile: utakimbia mbio zipi? Usijibu kwa woga, wala usijibu kwa majivuno. Jipime kwanza, ndipo uandike jina lako.